Kesi ya Mananasi ya Kopo

Jana mchana, baada ya kula na kuosha vyombo, Subilaga Mwaisumo alijilaza kwenye kochi la sebuleni kwake Uyole, akaota ndoto ambayo mpaka sasa hataki iitwe ndoto.

Alilala na mawazo. Jikoni kulikuwa na ndoo ya lita ishirini yenye mvinyo wa mananasi ya kopo, na ndoo hiyo ilikuwa imenyamaza. Siku nne za mwanzo ilipumua vizuri: mpira mwembamba ulitoka kwenye kifuniko ukaingia kwenye chupa ya maji, na mapovu yakawa yanatoka, blu, blu. Siku ya tano, kimya. Nao ulikuwa mvinyo wa harusi ya binti yake Lusekelo, miezi mitatu mbele. Subilaga alikuwa ameshatamka mbele ya kamati nzima kwamba wageni watakunywa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Msimu wa mananasi ulikuwa umepita, kwa hiyo akanunua ya kopo.

Wifi yake, Tusajigwe, alicheka hadi akashika meza.

"Wifi, nanasi la kopo ni maiti. Lilishapikwa, likafungiwa. Utie hamira ya kiwanda kizima, haliamki."

Maneno hayo ndiyo aliyolala nayo.

Katika ndoto anaingia jikoni kwake, na jikoni hakupo. Pana mahakama. Kwenye kiti cha hakimu limekaa nanasi zima, majani yake yote kichwani, limevaa miwani ya kusomea. Kizimbani yamepangwa makopo kumi na manane. Hayana vifuniko, maana mbele ya mahakama lazima uvue kofia.

"Wewe ndiye mama mwenye ndoo?" hakimu anauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Umeosha kila kitu?"

Sharti hilo Subilaga analijua: chochote kinachogusa mvinyo kioshwe kwa maji ya moto. Anajibu kwamba ameosha ndoo, mwiko, mpira na kitambaa cha kuchujia.

"Na jina lako?"

Jina hajaliosha. Karani, ambaye ni mwiko uleule, analeta beseni. Subilaga anatamka jina lake ndani ya maji ya moto, analisugua herufi moja moja, analikung'uta na kulivaa tena. Linambana kidogo mabegani, lakini ni safi.

Mwendesha mashtaka anasimama. Ni papai lililokatwa nusu, na kila likisema neno mbegu mbili zinadondoka.

"Mheshimiwa, washtakiwa wamekufa. Tunda lililo hai huoza. Hawa wamekaa rafuni miaka miwili bila hata kunuka. Asiyeoza ni maiti."

Ukumbi unaguna kwa kukubali. Subilaga anaona kesi inamponyoka, na pamoja nayo anaona meza za harusi zimepangwa glasi tupu. Ananyoosha mkono.

"Papai, nikikuacha rafuni miaka miwili, nitakukuta wapi?"

"Jalalani," linajibu papai, kwa kuwa limeapa kusema kweli.

"Na hawa?"

"Rafuni."

"Wakiwa na ladha gani?"

Papai linawatazama wenzake. "Tamu," linasema, na mbegu sita zinadondoka kwa mpigo.

Hakimu anavua miwani, anaifuta, anaivaa. "Hoja nzuri. Lakini sheria ya mvinyo ni moja tu. Aliye hai hupumua. Washtakiwa, pumueni."

Makopo yanajaribu. Hakuna hata povu linalotoka. Ndipo kopo moja la mstari wa nyuma, lenye kibonyeo ubavuni, linasema kwa sauti ya chini:

"Mama, sisi tuko tayari tangu Jumatatu. Wanaotupumulia ndio wamelala."

"Akina nani?"

"Hamira."

"Mahakama inahamia kwenye ndoo," hakimu anatangaza, na sakafu inainama.

Sasa Subilaga yumo ndani ya ndoo. Ni ukumbi mkubwa kama uwanja wa mpira, na sharubati ya nanasi inamfika vifundoni, baridi kama maji ya mtoni alfajiri. Hamira wamelala mistari kwa mistari, mamilioni, kila mmoja mdogo kuliko ufuta, kila mmoja na kitanda chake. Wanakoroma kwa pamoja. Anayesimamia zamu, hamira mnene mwenye daftari, anafungua jicho moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmelala na kazi haijaisha?"

"Hatujagoma, mama. Chakula kipo, sukari imejaa tele. Ni baridi. Ulitukoroga kwenye maji ya vuguvugu tukafurahi, halafu ukatuweka kwenye sakafu ya saruji. Mwezi wa saba. Uyole."

Subilaga anaona haya. Siku tatu amekuwa akifunua kifuniko, akikoroga, akiongeza sukari, akimsikia Tusajigwe masikioni. Sakafu hakuifikiria hata mara moja.

"Nilidhani kosa ni la makopo."

"Makopo ni watu waungwana. Kwenye lebo walisema hawana dawa ya kuhifadhi, na kweli hawana. Wangekuwa nayo, mimi nisingekuwa hapa naongea na wewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Una sweta," anasema msimamizi, na kulala tena.

Kweli amevaa sweta, ile ya rangi ya waridi aliyoifuma akiwa na mimba ya Lusekelo. Anaivua. Anaitandaza upande mmoja wa ukumbi, anaivuta kama anavyovuta shuka kwenye kona ya godoro, na sweta inakubali. Inazunguka ukumbi wote na kukutana mbele.

"Vifungo," anasema msimamizi bila kufumbua macho. "Vyote. Hadi cha juu."

Kifungo cha juu hakijawahi kufungwa. Tundu lake alilifuma dogo mno, na kwa miaka ishirini na minne limemshinda yeye, limemshinda mumewe, limemshinda na fundi wa sokoni. Subilaga anafunga vitano vya chini. Anapanda juu ya kitanda cha hamira, anasimama kwa ncha za vidole na kusukuma. Kifungo kinakataa.

"Ingia," anakiambia. "Mwanangu anaolewa."

Kifungo kinafikiri. Kinaingia.

Joto linapanda kutoka chini. Hamira mmoja anapiga chafya, wa pili anauliza saa, kisha wanaamka wote na kuivamia sukari, kelele kama mvua kwenye bati. Wanapumua. Pumzi yao inamwinua Subilaga miguu, inamtoa kupitia mpira mwembamba bila shida yoyote, kwa sababu mpira ule ni wa kutokea tu, na anatua mbele ya hakimu.

Blu!

Nyuma yake makopo kumi na manane yanapumua kwa zamu. Blu. Blu. Blu. Ukumbi unasimama. Hata papai linapiga makofi, na mbegu zake za mwisho zinaruka hadi darini.

"Mahakama imeona, imesikia na imenusa," anasema hakimu. "Washtakiwa wako hai. Asiyeamini atakaa kando ya ndoo hadi mvinyo uive."

Makopo yanambeba Subilaga juu juu, yanamzungusha ukumbi mara saba. Tusajigwe anainuliwa kutoka benchi la mbele, anasogezewa kiti.

"Wifi, nimekosa."

"Kaa tu, wifi. Na usionje kabla ya wakati."

Akaamka kwa baridi. Ilikuwa saa kumi kasoro, jua bado dirishani, naye amevaa blauzi nyepesi, mikono imemsisimka vinyweleo. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Lusekelo, nani ameivika ndoo sweta?"

Subilaga aliinuka. Alimpita, akapiga magoti kwenye saruji. Sweta ilikuwa imeizunguka ndoo, imebana vizuri, na kifungo cha juu kabisa kilikuwa kimefungwa. Alikigusa kwa kidole. Hakikutikisika.

Kwenye chupa ya maji povu moja likapanda, likapasuka. Blu. Halafu la pili.

"Baba Lusekelo," alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa imejaa, "mpigie dada yako. Mwambie aje na kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha kukalia. Miezi mitatu."