Kengele ya Darasa la Nne

"Mstari wa tatu," alisema Mwalimu Mugeta, na Esther, msomaji bora wa darasa, akaupeleka mwanzi wake wa kuonyeshea kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Benjamini alisoma kwa kukwama, akafika mwisho, akarudi kukaa. Mezani, karibu na boksi la chaki, ilikuwapo kengele ya ng'ombe yenye kamba ya ngozi. Kila Januari shule ikifunguliwa, mtoto wa darasa la nne aliyeshindwa kusoma aliivaa shingoni hadi nyumbani, akairudisha asubuhi. Mwalimu Mugeta hakupenda fimbo. Aliamini kengele inahimiza watoto kusoma bila kumuumiza mtu.

"Wanzagi."

Kaka yake Esther akasimama. Alikuwa anarudia darasa. Mwaka jana aliivaa, na baba yao alimwambia kwamba kengele hiyo ikisikika tena pale nyumbani, shule basi. Atakwenda Bunda kwa baba yake mdogo kuchunga ng'ombe. Kwa hiyo likizo nzima Esther alikaa naye jikoni. Herufi zilikataa kumwingia. Lakini karatasi ya ukutani ilikuwa ileile kila mwaka, na mwishowe Esther akamkaririsha yote, kama wanavyokariri nyimbo za kanisani Butiama.

"Mama anapepeta mtama," alianza Wanzagi. "Kuku wanamzunguka. Upepo unavuma kutoka ziwani." Hakukwama popote.

Mwalimu akavua miwani. "Kumbe unawezaga! Mpigieni makofi!"

Walipiga. Naye Mwalimu, kwa furaha ya kweli, akapasua boksi la vitabu vipya na kutoa kimoja. "Hiki hakijafunguliwa na mtu. Tusomee wewe wa kwanza, uwatie moyo wenzako."

Wanzagi alimtazama dada yake. Esther alitazama sakafu. Wanzagi akafungua katikati, penye picha kubwa ya twiga, akakishika kitabu kama wanavyoshika wanaojua.

"Mama anapepeta mtama," alisoma. "Kuku wanamzunguka."

"Mwalimu, mbona huyo ni twiga?" aliuliza Nyamburi wa dawati la mbele.

"Ndiyo mama yake!" akadakia Benjamini. "Anapepeteaga huko juu!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akaichungulia picha. "Nani amekukaririsha?"

Wanzagi alikifunga kitabu.

"Esther," Mwalimu aliita kwa upole. "Mvalishe."

Alimfunga kamba. Kengele ikalia kabla kaka yake hajapiga hata hatua.

Njiani watoto waliwafuata. "Dume hilo! Lipelekeni mnadani!" Wanzagi alijaribu kuuzuia ulimi wa kengele kwa kiganja. "Achia!" wakapiga kelele. "Mwalimu amesema ilie!"

Baba aliisikia kabla hajawaona. Mama alikuwa anapindia kaptula mpya ya shule. Akaikunja, sindano ikiwa bado ndani. Baba hakugomba. Alimfungua Wanzagi kamba, akampa Esther kengele.

"Irudishe kesho. Hii ya shule. Ng'ombe wa Bunda wana zao."

Wanzagi aliingia ndani kufunga nguo zake.

Jua lilikuwa linazama Debora, mwenzao wa darasa, alipokuja uani. Nusu ya darasa haikuwa imesomeshwa, na kesho yeye ndiye angeanza. Kabla ya kufunga darasa Mwalimu alikuwa amebandua karatasi ya zamani na kubandika ukurasa wa twiga.

"Esther, wewe umeusoma ule ukurasa. Niambie unasemaje, nikariri."

Esther aliweka kengele chini, akaokota kijiti, akachora herufi ya kwanza kwenye vumbi.

"Sina muda wa herufi!" Debora alisema, karibu kulia. "Niambie maneno tu."

"Hii ni T," Esther alisema. "Itamke."

Ndani, Wanzagi alikuwa anafunga kifurushi. Debora akaitamka. Giza likaingia wakiwa kwenye herufi ya pili.