Arobaini na Watatu Kwenye Benchi

Hodi ilisikika kabla mtu yeyote hajaonekana. Ilitoka nyuma ya kompyuta ya zahanati, kwenye ukuta usio na mlango. Fundi akaitikia karibu, kama alivyolelewa.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Zahanati ilitumia mfumo wa bure, unaotunzwa na watu wanaojitolea, na fundi alikuwa ameagiza kutoka ghala la programu la mfumo huo programu ndogo ya kuchapa namba za foleni. Mashine ilimwambia kwamba programu hiyo haiji peke yake, ikamwuliza kama aendelee. Akabonyeza ndiyo bila kusoma. Si bure watu walimwita Fundi Ndiyo.

Akatoka mzee mfupi mwenye mhuri kwapani. Huyo ndiye aliyeagizwa. Nyuma yake alifuata mpiga zeze, amemshika shati. Nyuma ya mpiga zeze, mama aliyebeba saa za miji ya mbali. Nyuma ya mama, wengine, kila mmoja na shati la mwenzake mkononi. Mzee alieleza kwa upole kwamba yeye hatembei bila mpiga zeze, na mpiga zeze hatembei bila yule mama, na hivyo hivyo hadi wa mwisho, aliyebeba kiti kitupu. Huyo hakuna aliyejua kazi yake, ila hakuachika. Jumla yao arobaini na watatu.

Wakaketi kwenye mabenchi. Kanuni ya zahanati ni moja: aliyeketi hupewa namba. Daktari naye ni mmoja, na kwa siku huona watu arobaini.

Shangazi yake fundi, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, alikuwa amekuja na mguu uliovimba. Alipata namba arobaini na nne. Daktari akampima mpiga zeze, akamkuta mzima, akaandika mzima. Akampima mama wa saa. Jioni shangazi aliambiwa aje kesho, na kesho yake aliwakuta wale wale, kwa kuwa programu ikishawekwa hairudi kwao.

Fundi alimwendea daktari kumwombea. Daktari akauliza namba.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umeanza kuwa mweusi kifundoni. Fundi akamwambia mpiga zeze aondoke. Akainuka bila kinyongo, na wote arobaini na watatu wakainuka naye, na mashine ya namba ikazima. Bila namba hakuna anayeingia.

“Warudishe, Fundi,” alisema mpokezi wa zahanati. “Afadhali foleni ndefu kuliko foleni iliyokufa.”

Akawarudisha. Kisha akamwuliza mzee ni nani aliyeamuru waje wote. Mzee akatoa karatasi mfukoni. Yalikuwapo majina yao yote, na chini kabisa lake yeye fundi.

Akakumbuka. Miaka sita nyuma yeye ndiye aliyeifungasha programu ile na kuipeleka ghalani, kifua mbele. Kupima programu inahitaji nini hasa ili ifanye kazi kungemchukua wiki nzima. Akaorodhesha kama mahitaji yake kila kilichokuwa ndani ya kompyuta yake siku ile, hata zeze alilokuwa akilisikiliza akifanya kazi.

Aliwaandikia watunzaji wa ghala. Walijibu kwa adabu kwamba programu mia nne sasa zinaiegemea ya kwake, hivyo orodha haiguswi hadi toleo lijalo la mfumo, miaka miwili mbele. Mpokezi akaagiza mabenchi mawili zaidi.

Shangazi alikuwa amekaa chini nje, mguu juu ya tofali.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema. “Wako wamekuja, mwanangu. Amepona nani?”

“Daktari anasema wao wote wazima.”

Shangazi akacheka kidogo, akausogeza mguu kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine.

“Basi nifutie hata mmoja.”

Ndani, zeze lilikuwa likilia polepole. Fundi akapiga magoti, akaliweka sawa tofali lisiyumbe.

“Toleo lijalo, shangazi. Nitawafuta wote, jina kwa jina, kwa mkono huu huu. Nakuahidi.”