Shangazi Amezikwa Mara Mbili

Nilikwenda kushonesha gauni, nikapewa pole ya msiba wangu mwenyewe.

Mtoto wa kaka yangu ni mkataji kwenye karakana ya sare za shule. Nilikuwa sijawahi kufika pale. Siku hiyo nikabeba kitambaa changu, nikajitambulisha kwa bosi wake, bwana mmoja mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, kwamba mimi ndiye shangazi yake mkataji. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Shangazi yupi?"

"Yuko mmoja tu. Baba yake hana dada mwingine."

Akavuta kiti, akakaa yeye. "Mama, wewe tumeshakuzika mara mbili. Kabla ya shule kufunguliwa, na tena jana. Ile ya kwanza tulichanga rambirambi."

Nikatazama meza ya kukatia. Kitambaa cha bluu kimetandazwa tabaka juu ya tabaka, chaki imeshachorwa, mkasi mkubwa umelala juu yake, na mwenyewe hayupo. Sikuuliza yuko wapi. Pombe yake ukoo mzima tunaijua.

"Nani alipiga simu?"

"Mama yake. Huwa ni yeye. Analia kabisa."

Damu ikanichemka. Wifi yangu! Mwanamke ninayekula naye sahani moja! Asubuhi ananililia kwenye simu, mchana anakuja kuniomba chumvi!

"Wiki ijayo naweka mtu mwingine," bosi akasema. "Ulevi naujua, hata kwetu upo. Ila siwezi kufanya kazi na mtu ambaye sijawahi kumsikia akijisemea mwenyewe."

Sikukumbuka hata gauni. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Nikamkuta jikoni anakoroga uji wa mwanawe, naye kijana kalala chumbani, pazia limefungwa.

"Wifi, poleni na msiba."

Mwiko ukamdondoka. "Nifanyeje, wifi? Angefukuzwa. Mimi ni mama."

"Ndiyo ukaona uniue mimi? Mbona hukujiua wewe?"

"Sasa simu angepiga nani?"

Kicheko kilinibana, nikakimeza, nikazidi kukasirika. Kelele zikamwamsha mwenyewe. Akatokea mlangoni, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Shangazi, mimi sikusema umekufa. Ni mama."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira za kweli. Mwanamume mwenye ndevu anamnyooshea mama yake kidole! Jana alisingizia marafiki, juzi bosi mkali, kabla ya hapo baba yake. Chupa huwa inaruka yenyewe mpaka mdomoni. Na sisi ndio tuliomlea hivyo, kila akianguka tunakimbilia kumfunika shuka majirani wasione.

"Kesho unakwenda kwa bosi wako," nikamwambia. "Nitakusindikiza mpaka kwenye meza yako. Lakini nikifika pale mimi ni marehemu, na marehemu hasemi."

Wifi alitaka kuja. Nikamkatalia.

Asubuhi tukaenda. Kijana alisimama mbele ya bosi, akanigeukia. Nikafunga mdomo, na Mungu anajua nilivyoumia kuufunga.

"Shangazi hajafa," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Mara zote mbili. Mama alidanganya kwa sababu mimi nilinyamaza." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nimejaribu kuacha peke yangu, nashindwa."

Bosi akauchukua ule mkasi.

"Huu utakaa kwangu. Kila asubuhi utauchukua mkononi mwangu, na utaniambia umeamkaje. Wewe, si mama. Na jioni mpiga pasi wetu atakupeleka zahanati, kwenye kikao cha wenzake walioacha pombe. Hata yeye alianza hivi hivi."

Miezi ikaenda vizuri. Wifi akanenepa, tukaanza kujisifu. Kisha asubuhi moja niko kwake nadai chumvi yangu, kijana akatoka chumbani, na harufu ikanifikia kabla yake. Baada ya yote yale! Nikageuka, nikamwona wifi ameshashika simu, ananitazama kwa jicho la huruma. Nikajua nakufa tena.

Kijana akamnyang'anya simu, akapiga mwenyewe.

"Bosi, ni mimi. Jana nimekunywa. Nimeshamwambia mpiga pasi, ananipitia hapa nyumbani, tunakuja wote. Mkasi usinipe leo, nipe kazi nyingine."

Wifi akaketi chini, akalia, safari hii machozi ya kweli. Mimi nilikuwa bado natafuta tusi la kumfaa kijana, nikamsikia bosi akiuliza kitu kwenye simu.

"Shangazi?" kijana akajibu, akinitazama usoni. "Yuko hapa. Mzima kabisa. Amekasirika."