Pasi Iliyohamia kwa Jirani

Fundi wa tovuti alikuwa hakai, hasimami. Aliligusa sanduku la seva, kompyuta yake ya kutunzia kurasa za mtandao, pembeni mwa sebule kama mama anayepima joto la mtoto, akarudi kitini, akainuka tena. Muuguzi mkuu wa zahanati alitaka jibu kabla ya mchana: kurasa zao za ushauri kwa wazazi zikae wapi?

Zilikuwa kurasa nyepesi, maandishi na picha tu, hazibadiliki mpaka mtu azibadilishe. Zingeweza kukaa kwenye seva ya kukodi, huko mbali ambako umeme hauzimiki ovyo. Lakini hii ya sebuleni aliiunda kwa mikono yake mwenyewe. Zamani ilikuwa ikizimika asubuhi; akaibadilisha mipangilio, ikatulia, naye akatembea kifua mbele. Leo alisita. Mzazi ambaye mtoto wake anachemka homa akifungua ukurasa akakuta patupu, je?

Mama mkwe akapita na kikapu cha nguo.

"Wapi tena, mama?"

"Kwa jirani, kupiga pasi."

"Kwani yetu imeharibika?"

"Nzima kabisa, mwanangu. Ila nikiichomeka, sanduku lako hilo linazirai. Siku ile nilikuona umeshika kichwa kama uliyefiwa. Nikasema basi, pasi yangu itatembea."

"Tangu siku ile?"

"Ndiyo. Jirani keshaanza kuniuliza kama nimehamia."

Fundi akacheka, kisha akaligeukia sanduku. Kumbe mipangilio yake haikuponya kitu. Aliyeishikilia seva isianguke ni mama huyu na kikapu chake, wala hakuwahi kusema.

"Tua kikapu, mama. Nisubiri kidogo."

Akakodi nafasi kwenye seva ya mbali, akazihamishia kurasa zote huko, kisha akampigia muuguzi.

"Nimechagua seva ya kukodi. Yangu inadumu tu kama hakuna anayepiga pasi."

"Heri umesema mapema," muuguzi akajibu. "Nilishaanza kuisifia yako."

Fundi akamgeukia mama mkwe. "Chomeka."

"Nitakuzimishia."

"Chomeka tu, mama."

Sanduku likavuta pumzi moja, likanyamaza. Fundi akafungua ukurasa kwenye simu. Ukafunguka. Akaufunga, akaufungua tena. Na tena.

"Utauchosha," mama mkwe akasema, huku akinyoosha kola ya shati.