Beti Mbili za Kaburini

Kati ya nyimbo kumi na nane za rekodi yake, mwimbaji Almut Hesselbarth aliutaka mmoja kuliko zote. Uliandikwa miaka mia tatu na hamsini iliyopita na mwalimu wa shule ya kijiji chetu alipomzika binti yake, na hakuna aliyewahi kuurekodi. Ndiyo maana alikuja kwetu, kwenye kinanda cha mabomba kilekile alichokipiga mwalimu kanisani, badala ya kubaki mjini katika studio yenye joto. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alisema wazi kwamba baada ya rekodi hii haimbi tena.

Mimi ni mtunza kanisa. Siku mbili za kurekodi kazi yangu ilikuwa kukanyaga mivukuto inayokipa kinanda hewa, kwa sababu mota ya umeme inavuma na maikrofoni zinaisikia. Unakanyaga wa kulia, unashuka nao polepole, kisha wa kushoto, na kukohoa ni mwiko. Kusoma noti nilijifunza nikiwa na miaka hamsini na mmoja, darasa la jioni, kwa hiyo niliweza kufuata. Kila wimbo ulipoanza nilisema kimoyomoyo: Bwana, nisiharibu.

Jumatatu jioni walifika kwenye wimbo wa mwalimu. Una beti saba. Almut aliimba tano za kwanza kwa namna ambayo hata Eckart, mpiga kinanda, alisahau kutania. Kisha sauti yake ikachoka.

"Inatosha, Bi Almut," alisema Wiebke, fundi wa sauti, kutoka sakristia, chumba cha pembeni ya madhabahu, kupitia spika ndogo. "Mbili zilizobaki tuimbe kesho. Nitaziunganisha, hakuna atakayejua."

Akitoka, Almut aliniomba niwashe hita alfajiri na kuizima mapema kabla ya kuanza saa tatu, maana ikipoa chuma chake hugonga. Nikasema ndiyo.

Nilifika saa kumi alfajiri. Usiku ulikuwa wa barafu, na kipimajoto kilisoma nyuzi saba. Jumatatu kilisoma kumi na saba. Sheria ya baraza letu la kanisa ni kupasha joto nyuzi moja tu kwa saa, mbao za kinanda zisipasuke. Nikapiga hesabu, nikaona hata ikiwaka mpaka saa tatu kamili tutapata nyuzi kumi na mbili tu, na baada ya hapo chuma kitagonga asubuhi nzima. Nikaiacha bila kuiwasha. Sikumwambia mtu. Nilijua kinanda hushuka sauti kwa baridi, tunakisikia kila Krismasi. Lakini sisi waumini hushuka nacho, na hakuna anayejali. Habari ya kuunganisha beti za leo na za jana haikunijia kichwani.

Jumanne saa tatu Almut aliimba ubeti wa sita na wa saba akiwa amevaa koti. Kisha spika ikasema, "Njooni msikilize."

Tulisimama sakristia. Ubeti wa tano uliisha, wa sita ukaanza, na ilikuwa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kila kitu kilikuwa chini kidogo.

"Kinanda kimelala," alisema Eckart. "Kimeshikwa na baridi kuliko mimi."

"Mashine haiwezi kukivuta juu?" Almut aliuliza.

"Inaweza, mama," alisema Wiebke. "Na wewe utatoka kama mtu aliyebanwa pua."

"Basi hapana."

"Tuimbe zote saba upya?" Eckart aliuliza.

"Zile tano sizipati tena, Eckart. Unajua." Akanigeukia. "Bwana Seifarth, hita uliiwasha saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia na sheria ya mbao, ingawa nilijisikia nikijitetea.

"Kwa hiyo mbao zimepona," alisema, "na wimbo umekufa. Ungeniambia tu! Ningekesha hapa na blanketi."

"Dada Almut," alisema Eckart taratibu.

"Usiniite dada. Saa sita huyu binti anaondoka na mashine zake. Tutoe wimbo kwenye rekodi, tufunge mizigo."

Nilirudi kanisani nikakaa benchi ya mwisho. Sikuomba muujiza. Niliomba msamaha, kisha nikaanza kusema maneno ya wimbo, kama ninavyoyasema kila tunapozika. Nilipofika ubeti wa sita nilisimama, kwa sababu miguu yangu imezoea kusimama hapo. Nikarudi sakristia haraka.

"Samahani," nilisema. "Sisi hatuimbi beti zote saba humu ndani. Baada ya wa tano tunabeba jeneza. Wa sita na wa saba tunaimba makaburini, na kule hakuna kinanda. Hata babu yangu hakukisikia kule."

Wote walinitazama.

"Tangu lini?" aliuliza Almut.

"Sijui. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyepiga kinanda. Alipotoka na watu, nani angebaki kupiga?"

Wiebke alikuwa ameshashika hedifoni. "Nakupa mwisho wa ubeti wa tano sikioni. Unachukua sauti ya jana, unavua, unaimba peke yako."

"Kwa hiyo mimi nimesafiri kilomita mia tatu ili ninyamaze," alisema Eckart.

"Unaponyamaza ndipo ninapokupenda," alisema Almut, akavua koti.

Ilikuwa saa tano kasoro. Sikuwa na kazi kwenye mivukuto, nikasimama tu nyuma ya kinanda. Alisikiliza, akavua hedifoni, akaimba. Ubeti wa sita ulikuwa imara. Katika wa saba, pale baba anapomwambia binti alale mpaka aitwe, sauti yake ilitikisika, akaishika, akamaliza.

Wiebke aliunganisha palepale. Kinanda kinanyamaza mwisho wa ubeti wa tano, na sauti yake inaendelea peke yake, kama tunavyotoka mlangoni na jeneza. Sikusikia ngazi yoyote iliyokosekana.

Almut alisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Wa saba nimetetemeka."

"Umetetemeka," alisema Wiebke. "Muda wa kurudia bado upo."

"Hapana. Uache hivyohivyo," alisema Almut, akaenda kutafuta koti lake.