Mguu wa Mwamuzi

Taa nyekundu ya tiba ilipowashwa, mguu wa baba ulikuwa mwekundu kuanzia gotini hadi vidoleni. Akiwa amevaa ile miwani nyeusi ya kukinga macho, akaniuliza, "Hapa wananitibu au wananipiga picha ya pasipoti?" Nesi alicheka. Mimi nilikuwa nakitazama kidonda.

Kilikuwa juu ya kifundo, upande wa ndani, kipana kama kiganja cha mtoto. Kilianza na mkwaruzo wa kiatu, msimu wake wa mwisho wa kuchezesha mechi, kisha ugonjwa wa sukari ukakilea. Miaka ikapita. Harufu yake tuliizoea kama watu wanavyozoea kelele za jirani. Wageni ndio waliotukumbusha, kwa kusogeza viti.

Kabla ya taa hiyo, daktari wa upasuaji alikuwa ametuita, mimi na kaka yangu, akasema kwa upole kwamba mguu ukatwe chini ya goti. Kaka alikubali palepale. Baba alitusikiliza mpaka tukamaliza.

"Hata mchezaji mkorofi huwa namwonya kwanza," alisema.

"Baba, hii si mechi."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo mbele yetu. Daktari akainamisha kichwa, akafikiri. Ghorofa ya chini, kwenye kliniki ya vidonda, walikuwa wanajaribu jeli ya mshubiri, yaani aloe vera, pamoja na mwanga. Alimpa baba mwezi mmoja: nyama mpya isipoonekana, hakuna tena kubishana. Wakapeana mikono.

Kaka hakuja kliniki. Alisema tunamdanganya mzee kwa majani na balbu.

Nesi hakutuahidi kitu. Alikwangua nyama iliyokufa, akaosha, akawasha taa, kisha akapaka jeli, nzito na angavu, iliyomfanya baba avute pumzi kwa baridi yake. "Kidonda kikikauka hakioti nyama," aliniambia. "Jeli inakitunzia unyevu, mwanga unakichangamsha. Yaliyobaki ni yeye na sukari yake." Nyumbani baba akaacha soda bila kuambiwa. Hilo lilinitisha kuliko kidonda.

Mwezi ulipokuwa ukingoni, kaka akatokea. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni, kama aliyepotea njia. Nesi akafungua bandeji. Katikati ya kidonda palikuwa na chembechembe nyekundu, zenye afya, kama punje za komamanga. Kaka aliangalia kwa muda, akaenda kunawa, akaomba glovu.

"Nikikuumiza uniambie," alisema, akipiga goti.

"Utasikia."

Alipaka taratibu mno. Baba alitazama dari, machozi yakimtiririka chini ya miwani, na sisi wote tukajifanya hatuyaoni.

Daktari aliongeza muda. Kidonda kilifunga polepole, kikarudi nyuma mara moja, kikafunga tena, kikaacha ngozi nyembamba inayong'aa. Siku nesi alipoiacha wazi, bila bandeji, tulirudi nyumbani na baba akachukua taulo. Niliinuka na mfuko wa plastiki wa kuufunga mguu wake usilowe, kama kawaida. Alinipita, akaingia bafuni, akasukuma komeo.

"Yuko wapi?" kaka aliuliza.

"Anaoga."

Maji yalimwagika kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia ayafunge.