Kikomo cha Mkono

...hakimlindi, amesema hakimlindi, Namunyak amelisikia neno hilo kwa masikio yake kabla mvua haijaliangukia bati la mahakama ya Karatu na kuimeza sauti ya hakimu, kikomo cha fidia hakimlindi tajiri mwenye shamba aliyeamuru kifuniko cha mkanda wa mashine kitolewe, na sasa hakimu ameshika karatasi zake, anatazama juu, anangoja, na wote wanangoja, nani atashindana na mvua, hata wakili wa tajiri ameufunga ule mdomo uliosema tangu asubuhi kwamba sheria imeupangia mkono wa kibarua bei yake na juu ya hapo hapandi mtu... mkono wa kibarua, alisema, kana kwamba mkono ule haukuwa na mwenyewe, haukukamua, haukumpokea Nareyu siku ya kwanza ukiwa na vidole vyake vyote, na huyu hapa Nareyu ananyonya kama kwamba hakuna kesi, kalazwa kwenye mkono wa kulia, na wa kushoto uko ndani ya shuka, umefungiwa humo kwa fundo tangu atoke hospitali, hata kisimani hauoni jua, hata Saruni mumewe hauulizii tena, polepole mwanangu, usiume...

Walishuka kutoka Nainokanoka baada ya ugonjwa wa ndigana kumaliza ng'ombe, na kule juu hifadhini kulima kumekatazwa, kwa hiyo akaenda Mbulumbulu kujaza ngano magunia, na mashine ya kupura ikinguruma, na mkanda ukizunguka wazi kama nyoka asiye na kichwa, ukazidaka bangili kwanza, zile bangili za waya alizovishwa na mama yake siku ya kuolewa... nani alikwambia uje kazini na mapambo, wakili alimuuliza hapa hapa mbele za watu, mtu mmoja akacheka nyuma, na yeye akainama, akajibu sakafu, kweli nani aliniambia, miezi yote hii alikuwa akijiuliza hilo hilo akimenya viazi kwa kuvibana magotini, mimi na bangili zangu, mimi na ushamba wangu... lakini kifuniko kingekuwepo bangili zingegonga bati, zingelia kidogo, basi, angecheka na wenzake na kuendelea na gunia, ndivyo alivyosema Hhando aliposimama, Hhando msimamizi wa mashine, kofia mkononi, nilikitoa mimi, mheshimiwa, tajiri aliniamuru, alisema kusimama kusafisha makapi kunachelewesha kazi. Na jioni ile ile akaambiwa asirudi shambani. Yule pale mwisho wa benchi, kofia juu ya goti, anatazama mvua kama mkulima, hamtazami mtu.

Ndiye aliyekuja hospitali kwa miguu, akasimama mlangoni ameshika konzi ya majani mabichi ya ngano, kwa sababu alisikia kwamba Mmasai akimkosea mtu hung'oa majani akaja nayo mkononi, na mama wa kitanda cha pili akamwuliza kama wodini kuna ng'ombe wa kulishwa, na Namunyak naye kidogo acheke na maumivu yake yote, maana majani ya amani ni ya malishoni, ni ya Mungu na ng'ombe, si kitu cha kupandwa kwa jembe...

"Dada," alisema Hhando, "kule shambani hakuna majani mengine. Tumelima yote."

Akayapokea. Kwa mkono uliobaki, akayapokea, na alipomsimulia mama mkwe wake, Nanyokie, bibi akatema tumbaku, akasema huyo Mwiraqw wako ana akili kuliko mbuzi, angalau amejua pa kuanzia, kisha akauliza neno moja, na tajiri je, amekuja? Hakuja. Hata kutuma mtu hakutuma.

"Hata sisi tuna kikomo," bibi alisema. "Jicho lina ng'ombe wake, mkono una ng'ombe wake, huombi zaidi. Lakini kikomo ni cha anayekuja na majani mkononi. Asiyekuja, nani amelifunga zizi lake tusidai zaidi?"

Na Namunyak, aliyefika darasa la saba, aliona hayo ni ya nyumbani, sheria ya karatasi ina njia yake... na leo hakimu mwenye miwani, ambaye hajawahi kumwona Nanyokie, amesoma kwenye karatasi kwamba kikomo ni kwa ajali isiyo na mkosaji, na hapa mkosaji yupo, maneno ya bibi hayo, mama mkwe, njoo usikie, yamevaa koti tu... si bangili, basi, haikuwa bangili, haikuwa mimi, siku zote hizo haikuwa mimi.

Saruni anamnong'oneza, unadhani atasema kiasi gani, na mvua inalibeba swali, na liende, kitakachosomwa kitasomwa, cha kwake ameshakisikia, anainama na kulifungua fundo la shuka kwa meno, na Nareyu anaachia ziwa, anakiona kitu kipya, anakikamata kigutu cha mama yake kwa vidole vyote vitano kama anavyokamata kila kilicho chake, na wakili anatazama, kisha anatazama pembeni, yeye wa kwanza. Mwisho wa benchi Hhando amegeuza kichwa. Namunyak anauinua mkono ule kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, mvua ikilipiga bati, hakimu bado akingoja.